Chupa za Yonasi Nilizozitikisa

Mpendwa Mama Fides, naomba unisaidie, nimebeba jambo tangu mwaka 2011 na sasa linanishinda. Mimi ni binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, nasoma shahada ya uzamivu ya kemia Dar es Salaam, na maabarani nilikuwa na Yonasi (jina lake silo) wa kule Chapwa, mtu mpole, aliyebuni molekuli zenye matawi kama mti, akisema zikitulia kwenye kimiminika zitashikana na kujipanga kwa safu zenyewe, bila mkono wa mtu, na alipokwenda kumzika baba yake aliniachia chupa zake akaniambia, "Dada, zitazame tu, usiziguse," lakini mimi nimelelewa kwenye vichanja vya kukaushia kahawa, nayo isipogeuzwa inaoza, basi kila asubuhi nikazitikisa kwa nia njema kabisa, na aliporudi akakuta uji mtupu, profesa akasema ubunifu wake haufai, nami sikusema kuwa nilizitikisa, Yonasi akaacha masomo. Mwezi uliofuata nikaiona chupa moja iliyosahaulika nyuma ya kabati, imejipanga safi, nikaendelea nayo, sasa tasnifu ni yangu na Novemba navaa joho. Pasaka nilimkuta Tunduma akiandika karatasi za malori ya mpakani, akanipongeza, akasema, "Kemia haikuwa fungu langu, dada." Soda aliyoninunulia ilinishinda kunywa. Nifanye nini?

Mwenye majuto, Vwawa

Mwanangu, pole, lakini sitakubembeleza. Kutikisa chupa lilikuwa kosa la mazoea, na mtu hasutwi kwa alivyolelewa. Ubaya ulianza pale profesa aliposema na wewe ukatazama viatu vyako. Kisha ukaupata ukweli nyuma ya kabati, ukauandikia jina lako! Huo si woga tena, ni wizi, na neno hilo nimelichagua makusudi.

Joho lisubiri. Wiki hii mwandikie profesa: nani alibuni, nani alitikisa, chupa ilionekana wapi. Nakala mpelekee Yonasi wewe mwenyewe. Usiende na sukari wala kitenge cha kumpa mama yake, zawadi zitamlazimisha akusamehe haraka. Asome mbele yako. Akinyamaza, kaa. Akikufukuza, ondoka.

Pengine utanyimwa shahada, na itauma. Lakini wewe unaogopa kukosa cheti, mwenzio miaka yote hii anaamini hana akili. Nenda kamwambie anazo.