Ukurasa wa Pili

Nsimbo, Katavi
15 Juni 2025

Kwa kaka yangu Révérien,

Amahoro, kaka. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, wifi na watoto, na zaidi huo mguu. Je, wameshalitoa hogo la plasta? Unakanyaga? Tafadhali usijifanye kijana, tembea na fimbo mpaka mfupa ushike.

Sisi huku tunapumua. Baridi imeanza, mbuzi kazaa mapacha, mahindi tumeyaingiza ndani. Siwezi kukuandikia kwamba hatujambo kabisa. Tangu shemeji yako Siméon atutoke, kila asubuhi natoa vikombe viwili vya chai, halafu kimoja nakirudisha.

Usishangae mwandiko. Nimeandika herufi kubwa, moja moja, kama za ubaoni darasa la kwanza. Macho yangu ni mazima. Sababu utaiona mwishoni.

Wiki iliyopita kwenye simu ulisema umeambiwa Joséline alifanya mzaha kwenye mazishi ya baba yake, kwamba labda alikuwa amekunywa kitu, na kwamba aitwe mbele ya ukoo achapwe. Sikukujibu kwa sababu alikuwa amekaa karibu yangu anachambua maharage, na simu yangu unajua inavyopiga kelele. Sasa nakujibu. Hakunywa chochote wala hakufanya mzaha. Mpwa wako hajui kusoma, kaka. Yuko kidato cha pili na hajui kusoma.

Nitakueleza ilivyokuwa. Siméon alipoona hainuki tena, aliomba penseli. Aliichonga kwa kile kisu chake cha tumbaku, akawa anailamba ncha kama alivyozoea, akaandika mwenyewe historia yake ya kusomwa kaburini. Karatasi mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa, safari ya wazazi wake kutoka Burundi, na shamba. Ya pili ni sisi. Akasema asome Joséline, si katekista wala mwenyekiti, maana ndiye msomi wa nyumba hii.

Mtoto alikubali. Nilimwona siku mbili na binamu yake Pacifique nyuma ya jiko, Pacifique anasoma na yeye anafuatisha. Nilidhani wanafanya mazoezi, kumbe alikuwa anameza karatasi zote kama wimbo.

Siku ya mazishi wingu likajikusanya upande wa Litapunga. Joséline akasimama na karatasi za baba yake, akaanza kwa sauti nzuri mpaka wamama wakaanza kulia. Katekista Bartolomeo akatazama juu, akamwambia binti yangu muda hautoshi, aruke moja kwa moja mpaka ukurasa wa pili, palipoandikwa habari za mke na watoto. Joséline akageuza karatasi. Kisha akaanza upya, Siméon alizaliwa mwaka fulani mahali fulani. Bartolomeo akamwambia hapana, binti, ukurasa wa pili. Akaanza tena, Siméon alizaliwa. Mara ya tatu mtu akasema kanda imekwama, na watu wakacheka. Walicheka kaburini kwa mume wangu, kaka. Na aliyesema kanda imekwama ni mwalimu wake mwenyewe, amefunga tai, ametumwa na shule na shada la maua.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haijaisha. Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Lakini baada ya arobaini nilivaa kitenge changu cha kanisani nikaenda kuuliza.

Mkuu wa sekondari alinipa kiti vizuri, akasema mama, sisi tunapokea tunacholetewa, waulize wa msingi. Nikaenda shule ya msingi. Wakasema darasa lilikuwa na watoto mia na arobaini na mwalimu mmoja, tena nyie wazazi hamfuatilii. Nikaenda kwa wakubwa wa elimu. Wakanionyesha cheti ukutani, eti ufaulu umepanda miaka mitatu mfululizo. Nikauliza umepandaje na mtoto hasomi. Wakaniambia mama pole na msiba.

Joséline mwenyewe ndiye aliyeniambia umepandaje. Kwenye mtihani wa darasa la saba kuna mwalimu alipita katikati ya madawati. Akishika kichwa ni A, sikio ni B, pua ni C, kidevu ni D, bega ni E. Mwanangu alichaguliwa sekondari kwa kumtazama mtu mzima anajikuna. Tukachinja kuku! Siméon akaweka ile karatasi ya matokeo kwenye mfuko wa nailoni juu ya mlango, pamoja na ripoti zote zilizoandikwa anaendelea vizuri. Anaendelea kwenda wapi? Nani alikaa akaandika maneno hayo, akapiga na muhuri?

Nilikutana pia na kijana mmoja anayejitolea kufundisha pale sekondari, ana shahada. Nilipomweleza alicheka, akasema mama, usishangae, hata chuo kikuu wengine utafiti wao wanaandikiwa kwenye vibanda vya stationery, wanaenda tu kuchukua kitabu kilichojalidiwa. Aliisema kama habari ya mpira. Mimi nina darasa la saba la zamani, lakini barua hii naiandika mwenyewe. Na hao ndio watakaotupima damu na kutujengea madaraja.

Nimelaumu wote hao, kaka, na sijutii hata mmoja. Ila yupo mmoja sijamtaja.

Unamkumbuka Mwalimu Theopista, yule mrefu aliyekuwa anakuja na baiskeli? Joséline alipokuwa darasa la tatu, alikuja nyumbani. Siméon alikuwa shambani, nilikuwa peke yangu. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto ana akili sana, anakariri kila kitu, lakini herufi hazijui, na yeye kama mwalimu anaomba mtoto arudie darasa, amfundishe mwenyewe jioni. Alitaka kibali cha mzazi tu.

Niliona aibu. Tulikuwa tumeitwa wakimbizi miaka yote, uraia tumeupata, na sasa mwanangu arudishwe nyuma majirani waone. Kwenye kikao cha wazazi nikasimama nikasema Mwalimu Theopista anawabagua watoto wenye asili ya Burundi. Ulikuwa uongo. Hakuna mwalimu aliyewapenda kama yeye. Wengine wakaniunga mkono, na kabla ya mwezi kuisha akahamishiwa shule ya mbali, Mamba. Siméon hakuwepo kikaoni, na hakujua. Mpaka anaumwa alikuwa ananiuliza, hivi yule mwalimu mzuri aliondokea nini? Na mimi nampa uji.

Mwalimu Theopista amestaafu, anakaa Misunkumilo. Nilimwendea nikamwambia yote. Hakuacha kupepeta mchele wake. Akasema siku zote alijua ni mimi niliyemsingizia. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Akasema nimlete binti Jumanne na Alhamisi. Na akaniagiza jambo moja: msichana wa miaka kumi na sita hatasoma maneno kama kaka na dada ya kitabu cha darasa la kwanza. Atasoma anachotaka kukijua. Nimwandikie kitu cha kweli, kwa herufi kubwa, mezani nyumbani.

Ndiyo barua hii, kaka. Joséline anaisoma kabla yako, fungu moja kila siku, kidole kwenye mstari, na mimi nimekaa upande wa pili wa meza simsaidii mpaka aombe. Habari za Mwalimu Theopista hajawahi kuzisikia. Atazisikia kwa mdomo wake mwenyewe. Nimemwambia akimaliza aifunge, ampelekee Manyanda wa basi la Kigoma. Akitaka kuichana, ni yake. Kwa hiyo ikikufikia, ujue yeye ndiye aliyeamua.

Msalimie wifi, mwambie mbegu za mboga zimeota. Wabusu watoto, na wakisoma nyumbani kaa nao uone mwenyewe wanasoma nini. Mungu auunge mguu wako.

Ni mimi dada yako,
Libérate

Mjomba. Ni mimi Joséline. Nimesoma yote. Siku kumi na saba. Nimemkasirikia mama. Barua sijaichana. Kesho nasoma ukurasa wa pili wa baba.