Kiti cha Kumi na Moja

Dada yangu Trees,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Goti lakuuma bado? Wasalimie masista wenzako hapo konventini. Mimi ni mzima, plamu zimezaa, na nyumba isiyo na Wiel nimeanza kuizoea.

Sasa habari. Unajua kanivali yetu haifunguliwi bila Baraza la Kumi na Moja, wale wanaume kumi na mmoja wanaoketi jukwaani. Tangu tumzike mume wangu wamebaki kumi, na vijana wote wamehamia mjini. Jumapili, baada ya misa, Sef mwenyekiti alikuja na wenzake kula vlaai niliyooka kwa plamu zetu, akaniambia wameamua kulivunja. Nilihisi Wiel anazikwa mara ya pili.

Mwalimu mzee Cremers akasikitika. Akasema mababu walihesabu kwa vidole hadi kumi, halafu wakasema “mmoja amebaki”; maneno hayo yakalika mdomoni karne kwa karne hadi yakawa elf, yaani kumi na moja ya Kiholanzi chetu. “Wawili wamebaki” yakawa twaalf, kumi na mbili. Ndiyo maana tien, kumi, haisikiki humo, ila kuanzia dertien, tatu-na-kumi. Sef akasema basi mababu walikuwa wavivu tu, si wangevua viatu waendelee! Cremers akamjibu, kwa soksi zako wewe, Sef, heri walivyoacha.

Tulipomaliza kucheka nikawauliza: baada ya nyinyi kumi, nani amebaki? Nikasema nimebaki mimi.

Sef akaniambia, Fien, bibi wee, mwanamke hajakaa kwenye kiti cha baraza tangu dunia iumbwe, na ile kofia yetu ya kanivali itakuharibia nywele. Nikamwambia kofia hizo nazishona mimi na madoa ya bia nayatoa mimi, kwa hiyo asinifundishe. Cremers akainua mkono, kisha mmoja mmoja wakamfuata. Sef alikuwa wa mwisho, mdomo umejaa vlaai.

Lakini wewe nikufunulie la moyoni, dada. Wao wanadhani nimefanya hivyo kwa ajili ya marehemu. Sivyo. Tangu usichana wangu nakitamani kiti kile. Kila mwaka nilimpigia Wiel makofi huku namwonea wivu. Nimemweleza padre, akacheka, akasema dhambi itakuwa nikiimba vibaya nyimbo za kanivali.

Tarehe kumi na moja Novemba, kanivali ikifunguliwa, nitapanda jukwaani. Muombe Mama Mkuu ruhusa uje. Akisita, mwambie mdogo wako anakwenda kufanya upumbavu hadharani, na anahitaji mtu wa kumwombea kwa karibu.

Mungu akutunze.

Mdogo wako akupendaye,
Fien