Jumuiya imemwona Mkanda

Hilda, wamemwona Mkanda. Leo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu, nikamficha uvunguni na beseni lake.

Mama Esnath, mwenye nyumba wangu, akainama kuokota kitabu cha nyimbo. Basi.

"Unafuga nyoka kwenye nyumba yangu? Unahama leo leo."

Nikasema, "Mama, ni mjusi. Hana miguu tu."

Mzee wa kanisa ameshashika fimbo. "Mjusi asiye na miguu ndiye nyoka, mwanangu."

Ndiye nyoka, Hilda.

Nikawaomba wamtazame macho kwanza, maana nyoka hafumbi, mjusi anafumba. Wakainama wote. Mkanda akatukodolea. Tukangoja. Hafumbi, mkaidi kama wewe.

Ndipo akafumba, polepole, akafumbua.

Mzee akashusha fimbo. "Huyu amekonyeza."

Mama Esnath: "Amemkonyeza nani?"

Mwisho akasema nisihame, na Mkanda abaki, ila nimtafutie beseni lenye kifuniko. Mzee akasema tufunge kwa sala, tufumbe macho.

Nilichungulia, Hilda. Chumba kizima, aliyefumba ni Mkanda peke yake.