Ubao wa Kamba ya Korona

Jumatatu, 1 Julai 1968

Leo nimeandika tena mstari wa kwanza wa ubao. Majimaji ya mkonge yanakula rangi kama yanavyokula ngozi.

Ubao uko ukutani, juu ya mdomo wa korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge tupate singa, nyuzi za kusokotea kamba. Injini iko upande wa pili wa ukuta. Fundi wa huko hatuoni, na makelele yale huwezi kumwita mtu. Kwa hiyo kuna kamba imepita kwenye tundu, mwisho wake kengele. Fundi akisikia kengele anautia mkanda unaozungusha korona, au anautoa. Ubao ndio unaosema uvute vipi. Moja, simama. Mbili, washa. Tatu, polepole. Nne, fundi njoo. Likibadilika neno naandika mimi. Kazi yangu nyingine kufagia makapi.

Mdomoni yuko Kibwana, shemeji yangu. Majani yakikwama anasimamisha, anatia mkono anayatoa. Kabla ya kutia mkono anavuta moja tena, hata kama korona imesimama. Ndivyo tunavyofanya wote hapa. Maana yake, kaa hivyohivyo, mtu yumo ndani.

Marehemu mke wangu wakati anakata roho hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia huyu mdogo wake. Nimtunze. Sina mwingine.

Jumatano, 3 Julai

Kaja fundi injini mpya, wa zamu ya mchana. Anaitwa Maganga, Mnyamwezi, katoka mashamba ya Tanga na watu wake. Kule moja ni washa, mbili ni simama. Anasema hivyo ndivyo sawa. Kibwana kamwambia, kwenu hata punda anatembea kinyumenyume. Maganga kamjibu, Mzaramo anajua kuvuta nini zaidi ya kamba ya mbuzi wa kuiba. Watani hao. Wametukanana mchana kutwa wanacheka.

Wengine hawakucheka. Watu wa Tanga wameumwagia ubao wangu lami. Wetu wakawavamia. Mmoja kang'atwa sikio, limebaki linaning'inia. Mimi nimempiga mtu kichwani kwa koleo, akakaa chini. Sijutii. Ubao ule ni mkono wangu.

Alhamisi, 4 Julai

Nyapara Sefu kaamua. Niandike ishara za pande zote mbili. Juu, za zamu ya asubuhi, ndizo za kwetu. Chini, za zamu ya mchana, ndizo za Tanga. Kila zamu na zake, ugomvi uishe.

Nikamwambia ubao wa ndimi mbili utaua mtu. Akanichapa bakora za shingo, mbele ya wanawake wanaoanika singa.

Nikaandika. Shingo inawaka moto. Nataka kumuua.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma toka mchana. Pombe. Mimi sinywi, nilikaa kizingitini.

Jioni wamepigana tena. Fundi injini wetu wa asubuhi kapasuliwa kichwa kwa mchi. Mchi wa kutwangia, wa mama mmoja jirani. Kapelekwa hospitali Bagamoyo, hasemi. Mbwa wanalamba mchanga.

Jumatatu, 8 Julai

Maganga kawekwa zamu ya asubuhi. Hakuna fundi mwingine. Sefu hakumwambia kwamba asubuhi ni ishara za kwetu, na sisi hakutuambia yuko nani kwenye injini. Ubao wenyewe kule kwenye injini hauonekani.

Majani ya Jumamosi yalikuwa yamekaukia mdomoni. Korona imesimama. Kibwana akavuta moja, kama siku zote, akatia mkono.

Kwa Maganga moja ni washa.

Nilikuwa na fagio. Nilikimbilia kamba nikavuta mbili, ya Tanga, ndipo ikasimama. Mkono ulikuwa umekwenda mpaka juu ya kiwiko. Singa zilitoka upande wa pili nyekundu. Alilia mara moja tu. Kisha akawa ananitazama.

Nilimfunga kwa singa, nikakaza kwa goti. Lori la mkonge limempeleka hospitali.

Watu wameshika mapanga, wanamtaka Maganga. Kakimbilia ndani ya mkonge. Nami nilimtafuta. Miba imenichana mpaka usoni, sikumwona.

Jumanne, 9 Julai

Chumba cha Maganga kimechomwa moto. Watu wake watatu wamepigwa, mmoja hainuki.

Sefu nilimkuta stoo. Nimemtoa meno. Bakora yake nimeivunja. Anasema kazi sina. Basi sina.

Panga nimelinoa. Maganga nikimpata namkata mkono uleule, wa kulia.

Jumatano, 17 Julai

Kibwana kaletwa kwangu jana. Kisiki kimefungwa vitambaa. Kakonda.

Leo alasiri Maganga kaja. Peke yake, kwa miguu, nguo zimechanika. Kapita katikati ya watu uani, na kila mtu na kitu mkononi. Hakuna aliyempiga. Walikuwa wananiachia mimi. Nilisimama mlangoni na panga.

Hakusema shikamoo wala hodi. Kakaa chini kizingitini, kama watani wanavyokaa msibani kuzuia njia. Kumbe alikuwa anangoja utani wa Kibwana. Mtani uliyemuumiza akikutania, damu yako haiwezi tena kumwagwa. Asipokutania, wewe si mtani, wewe ni muuaji tu. Sote tulijua. Kibwana alikuwa ndani kitandani, anamwona. Kanyamaza. Nikainua panga.

Ndipo Kibwana akasema, "We Mnyamwezi. Babu zako walitembea mpaka Bagamoyo na pembe mabegani. Wewe umetembea kote huko kuja kuchukua kamkono kangu?"

Maganga aliinua uso. Mtani lazima ajibu. Akasema, "Kenyewe kalikuwa kavivu. Kalijua kumega ugali tu."

Kibwana akacheka, kisiki kikamuuma, akalia. Maganga naye akalia, kichwa chini kwenye vumbi.

Nilimpiga kwa ubapa wa panga mgongoni. Mara moja, kwa nguvu zangu zote. Hakuinua mkono. Nisingempiga ningepasuka. Kisha nikalitupa panga, nikampa maji.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Wengine walinitemea mate.

Jumatatu, 22 Julai

Sefu kahamishwa. Meneja kaniita kazini tena, anasema ubao uwe mmoja, tupatane wenyewe. Maganga akasema ziwe za huku.

Nimekwangua wote mpaka mbao. Nimeandika upya. Moja, simama. Mbili, washa. Tatu, polepole. Nne, fundi njoo. Chini nikatia mstari ambao haukuwahi kuandikwa, maana tuliujua kwa mazoea tu. Kabla ya mkono, vuta moja.

Nimeandika ubao mwingine kama huo upande wa injini. Maganga kanishikia ngazi, kisha akabaki kwenye injini yake.

Kibwana kaja kuangalia. Akasimama mdomoni mwa korona, pale pake pa siku zote. Akaishika kamba kwa mkono wa kushoto. Akavuta moja.

Injini ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Korona haikutikisika.

Tulikaa tunaitazama. Kisha Kibwana akasema ana njaa, tukarudi nyumbani.