Ng'ombe Ambaye Hakumpiga Mama Teke

Chelangat,

Kwenye mazishi yako Kiptere walizungumza watu wengi, na karibu wote walizungumza habari zao wenyewe. Mheshimiwa mmoja alisema ulipenda sana kazi yako "ya kompyuta". Wewe, mpiga eksirei! Nilisimama nimnyang'anye kipaza sauti. Mama akanivuta koti. "Kiprono, si leo," akasema, kwa sauti ile ile aliyonituliza nayo tangu nikiwa darasa la nne, nikakaa. Niliyoyameza siku ile nayaandika hapa, ambapo hakuna wa kunivuta koti.

Kwanza habari. Jumatatu tulirudi kliniki kwa ile picha ya miezi sita uliyotuandikia kwenye kadi. Mama amepigwa hiyo picha. Najua ungetaka nikuambie sasa hivi mfupa umesemaje. Subiri. Wewe pia ulinisubirisha. Ulikuwa ukigeuza kompyuta upande wako mpaka umalize kutazama, na nikisogea unasema, "Mwalimu, usinipumulie shingoni."

Nilianza vibaya nawe, na sina haja ya kuficha. Kliniki yenu ilipoleta ile mashine mpya ya eksirei ya meno, ile ambayo picha yake hutoka Kericho na kumfikia daktari wa India kabla chai haijachemka, niliandika makala kali. Nilisema tumezoea kuchuma majani na kuyatuma yakaonjwe na ulimi wa mtu mwingine, kisha yeye ndiye atuambie chai yetu ni ya daraja gani, na sasa tunataka kuwatuma wagonjwa wetu vivyo hivyo. Nilisema mashine yenu ni mlango wa kusafirisha taya za wazee wetu. Nikayarudia redioni. Watu walinipigia simu kunipongeza, na mimi, nikipongezwa, huwa sijiulizi mara ya pili.

Kisha taya la mama likavimba.

Upande wa kulia, nyuma, chini. Alikaa nalo wiki nyingi akijifunga leso na kusema ni baridi ya asubuhi. Alipoanza kunywa uji peke yake na kuacha kimyet, ugali wake, kwenye sahani, nilimwambia Wesley, ndugu yangu aliyeko Amerika, na Wesley, ambaye hupenda mambo makubwa, akatafuta daktari bingwa India siku hiyo hiyo. Daktari akataka picha ya taya zima. Mashine ya kuipiga ilikuwa moja tu karibu nasi. Ilikuwa yako.

Nilikuja nimekunja uso. Ulisoma jina kwenye karatasi, ukaniangalia.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Karibu, Mwalimu. Taya si majani chai. Majani chai hayaumi."

Ukaniacha mlangoni na kumshika mama mkono. Nilikutazama kupitia kioo kidogo. Ile mashine humtaka mtu aume kijiti kwa meno ya mbele ili kichwa kitulie huku yenyewe ikimzunguka. Mama hana meno mawili ya mbele ya chini. Baadaye niliambiwa kwamba wengine hupiga tu, wakapata ukungu mbele, wakarudia, na mgonjwa akala mionzi mara mbili. Wewe ulikuwa umeshaviringisha pamba na kuiweka pale penye pengo kabla hajaambiwa afungue kinywa mara ya pili. Picha ilitoka mara moja, safi. Nilikasirika kwamba ilikuwa safi.

Ulipojaza fomu ulimuuliza meno ya mbele yalitokaje. Mama akajibu haraka, mbele ya watu wote waliokaa kwenye viti: "Ng'ombe alinipiga teke nikiwa msichana." Uliinua macho. Ulimtazama masikio, zile ndewe zake zilizoshonwa, ukainama tena ukaandika. Mimi sikuona kitu. Huyo ng'ombe nilimjua tangu utotoni: alikuwa mwekundu, pembe moja imeinama, na mimi na Wesley tulimchukia kwa niaba ya mama ingawa alikufa kabla hatujazaliwa.

Jibu la India lilikuja baada ya siku tatu. Daktari aliona weusi ndani ya mfupa, na katikati ya weusi kipande kidogo cheupe. Akiunganisha na lile teke, akasema huenda taya lilivunjika zamani, kipande kikabaki, na mfupa umekuwa ukioza miaka yote hiyo. Alitaka mama aende haraka. Alitaka kukata sehemu ya taya na kuweka chuma. Wesley alishatafuta tiketi. Mama, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye hajawahi kuvuka Nairobi, alipigwa picha ya pasipoti akiwa amefumba midomo kama mtu aliyeapa. Nilimkuta jikoni akimweleza jirani yake ni nani arithi kuku wake.

Nilikuja kukutupia jibu hilo mezani. Nilidhani nimekushinda. Nilisema, "Haya, mmefurahi? Mwanamke anaagana na kuku!" Ulisoma barua yote pole pole. Ukafungua picha. Ukaikagua jino kwa jino mpaka hasira yangu ikapoa bila ruhusa yangu. Kisha ukasema maneno ambayo nimewasimulia wanafunzi wangu wa zamani, na marafiki, na hata maadui wawili:

"Mimi si daktari. Lakini nimekulia kwa ng'ombe. Ng'ombe hachagui meno mawili ya katikati akayaacha mengine yamesimama wima kama wanakwaya."

Halafu ukasema, "Niliona siku ile. Niliandika nilichoambiwa, sikuandika nilichoona. Hilo ni kosa langu, Mwalimu, si la India."

Nimebishana na wakurugenzi, maaskofu na wenyeviti wa vyama vya ushirika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia "hilo ni kosa langu" nikiwa bado sijamlaumu. Sikujua niweke mikono wapi.

Jumapili ulikuja nyumbani kwetu, upande wa Sigowet, na sukari kwenye mfuko na viatu vya ibada vimejaa tope. Ulimsalimia mama, ukaketi kwenye kigoda jikoni, ukaniambia, "Mwalimu, nenda ukaangalie ng'ombe." Sikwenda kuangalia ng'ombe. Nilisimama nyuma ya tangi la maji, na sioni haya kukuambia, kwa sababu nadhani ulijua.

Ulimweleza kuhusu kogo wako, nyanya yako aliyekulea. Kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipitisha kidole kwenye pengo lake la meno ya mbele akicheka, ukimwuliza mlango huu ni wa nini. Nilisikia mama akichochea moto. Kisha akauliza, "Nani amekuambia habari zangu?"

"Mfupa wako, Mama. Lakini umeniambia nusu."

Na mama akacheka! Miezi miwili sikuwa nimemsikia akicheka. Halafu akasema yote. Kwamba alikuwa na miaka kama kumi. Kwamba mwanamke mzee aliyatoa kwa chuma chembamba nyuma ya nyumba, na yeye hakulia, na alipewa maziwa, na usiku ule alijiona mkubwa. Kwamba walimweleza sababu: mtu akifungwa taya na pepopunda, maziwa yapitishwe pale asife njaa. Miaka michache baadaye akaanza masomo ya ubatizo, na mke wa mwalimu wa dini akawa anawaweka nyuma wasichana wenye alama za mila. Masikio yangeweza kushonwa. Pengo halishoniki.

"Nikasema ng'ombe," mama alikuambia. "Nikabatizwa na ng'ombe wangu. Baadaye ningesemaje? Nisimame kanisani niwaambie nilidanganya siku ya ubatizo?"

Mimi, Chelangat! Mimi niliyeandika mara ngapi sijui kuhusu utamaduni wetu uliozikwa hai, niliyesoma rafu nzima za vitabu juu ya jambo hilo, nilikula kwenye meza ya mama yangu zaidi ya miaka hamsini na sikujua lililokuwa kinywani mwake. Nilikuwa na shughuli nyingi za kumchukia ng'ombe.

Hukuishia hapo. Mtu mwingine angekunywa chai akaondoka na ushindi wake. Wewe ulimwuliza kwa upole, kana kwamba unauliza bei ya sukuma wiki, kama na jino la nyuma lilitolewa na ng'ombe. Mama akakiri kwamba miaka kadhaa iliyopita alimwendea mtu sokoni mwenye koleo, jino likakatika, akaambiwa limetoka lote. Hakutuambia kwa kuwa mimi ningepiga kelele. Ni kweli, ningepiga. "Basi huyo ng'ombe amebebeshwa mizigo," ulisema, na mkacheka wote wawili, nami nyuma ya tangi nikiuma mkono wa koti nisisikike.

Kile kipande cheupe hakikuwa mfupa uliovunjika. Ulishuku ni mzizi wa jino uliosahaulika, na ule weusi ni uvimbe uliojikusanya kuuzunguka. Lakini hukusema "najua". Ulisema, "Wacha wenye kujua waulizwe upya, wakiwa na habari kamili." Jumatatu asubuhi ulituma picha ile ile na ukurasa mmoja wa maelezo: meno ya mbele yalitolewa kwa mila utotoni, mfupa wa hapo umepona sawasawa, hakuna historia ya kuvunjika, jino la nyuma liling'olewa nusu. Daktari wa India alijibu kesho yake. Aliandika kwamba kwa maelezo haya asingempandisha mama huyu ndege; afunguliwe huko huko, mzizi utolewe, uvimbe ukwanguliwe na kupimwa. Akakushukuru kwa jina. Ikafanyika hapa hapa, na daktari wa meno kijana mwenye mikono mitulivu. Kipimo kikaja hakina ubaya. Kilichobaki kilikuwa kuona kama mfupa utarudi pale palipotobolewa, au kama tundu lingekua tena na safari ya India ianze upya.

Unajua nilichofanya. Nilikaa kuandika makala ya maisha yangu. Nilikuwa na kichwa chake tayari na sitakutajia, kwa maana bado kinaniaibisha. India ilikosea, sisi tulipatia, bakini nyumbani! Nikakuletea uisome kabla ya kuituma. Uliisoma ukiwa umesimama, ukanirudishia.

"Ukichapisha hii, kuna mtu atabaki ambaye alipaswa kwenda."

Nikabisha. Ukanieleza habari za mkulima mmoja wa upande wa Bomet aliyekuja wiki ile ile, uvimbe umemfikia jicho, naye akasema amenisikia redioni na haendi popote. Ulikuwa umemwomba, umemkemea, mwisho ukampigia simu mkewe. Alikwenda. "Wewe unataka kila mtu abaki ili makala yako iwe kweli," uliniambia. "Mimi nataka picha iwe kweli. Baada ya hapo anayebaki abaki, anayekwenda aende."

Niliichana nikiwa ndani ya gari. Sikukuambia. Nilikuwa nangoja hiyo picha ya miezi sita nije nikuambie nikiwa nimepoa, labda na chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya mama. Presha haikungoja. Walisema ulishika kichwa ukiwa unafunga ofisi, ukaketi, na hukuinuka.

Mambo machache yamebadilika. Fomu yenu sasa ina mstari ambao wanasema uliupigania wiki zako za mwisho: jino lilitoka, lilivunjika, liling'olewa, au lilitolewa kwa mila. Mtu anaweka alama tu, hasemi kitu mbele ya watu. Na mama, Alhamisi moja kwenye ushirika wa akina mama, alisimama wakati wa ushuhuda akafungua kinywa akawaonyesha. Aliwaambia hapakuwa na ng'ombe. Anasema bibi mmoja mzee wa safu ya mbele, mjane wa mchungaji, akasema, "Ng'ombe wangu mimi alikuwa mti; nilisema nilianguka," na kanisa zima likaangua kicheko. Mkulima wa Bomet yu hai. Jicho limebaki moja, lakini yu hai, na ananisalimia kwa kunikemea.

Sasa picha. Aliyekaa kwenye kiti chako aliweka pamba kwenye pengo bila kuambiwa. Akaweka picha mbili bega kwa bega, yako na ya Jumatatu. Mahali palipokuwa na ule weusi pameanza kujaa, kijivu chepesi kutoka pembeni kuelekea katikati, kama ukungu wa asubuhi juu ya mashamba, ila huu hautaondoka jua likitoka. Daktari anasema mfupa unarudi. Haujarudi wote, na katika umri wake huenda usirudi wote. Tupige tena Desemba. Mama alitazama, akauliza kama anaweza kula mahindi ya kuchoma. Akaambiwa upande wa kushoto. Jioni alikula pande zote mbili, nikajifanya sikuona.

Desemba nitamleta. Ikiwa picha itasema mfupa umefunga, atabaki na kuku wake, na sitaandika kwamba tumemshinda mtu yeyote. Na ikiwa itasema aende, ataenda. Nitampigia Wesley mwenyewe, nitambebea mama mkoba mpaka kwenye mlango wa ndege, na nakuahidi, Chelangat, wewe uliyejua jambo hili litanigharimu kiasi gani: nitanyamaza.

Kongoi, asante. Pumzika.

Kiprono