Nilishinda Kesi, Sasa Namkimbia Mama

Shangazi Tausi, shikamoo. Nimeshika kalamu kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia, na jina langu nakuomba ulifiche, maana gazeti lako linafika mpaka kwetu Myamba.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, nilikuwa mhadhiri wa kemia katika chuo kikuu kimoja cha mbali, nikafukuzwa kwa madai kwamba nimevujisha mtihani, mtihani ambao sikuutunga wala sikuusimamia, nikarudi nyumbani kulima tangawizi huku kesi ikitembea, nayo ikatembea miaka minne, kwenye usuluhishi nikapewa haki, chuo kikaenda Mahakama Kuu, huko nako nikashinda, jaji akaamuru nirudishwe kazini. Siku ile mama alilia mpaka akakaa chini. Tulichinja mbuzi, mchungaji akaja kuomba, na mimi kwa kiherehere changu nikasimama pale ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia, mbele ya wazee wote nikampa jirani yangu Anold zamu yangu ya maji, nikasema mimi na jembe basi, asinitafute mtu shambani tena.

Nikaondoka na begi na viatu vipya. Getini mlinzi akanizuia, akatoka mwanasheria wa chuo na karatasi, akasema wamekata rufaa, na Mahakama ya Rufani imesimamisha utekelezaji wa hukumu yangu mpaka rufaa isikilizwe. Nikamuuliza, "Sasa mimi ni mfanyakazi au si mfanyakazi?" Akasema, "Mwalimu, kwa sasa wewe subiri."

Nilirudi mpaka Same, na pale stendi miguu ikakataa kupanda mlima kwenda kwetu. Mama ningemwambia nini, na Anold ningemtazama kwa macho gani? Nikapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, huu ni mwezi wangu wa saba hapa, nafundisha tuisheni vijana wanne wa kidato cha sita, na mama nimemwambia niko chuoni, akitaka kunitumia kitu ampe Kurwa, konda wa gari la Myamba, akiache dukani kwa Muhidin hapa stendi, yupo mtu atanisafirishia. Gari likifika najificha, likiondoka ndipo naenda kuchukua. Mwanzoni alituma maharage na tangawizi, lakini siku hizi uzee umemwingia, kila Ijumaa ananitumia makande yaliyoiva, kwenye hotipoti, yananifikia yana uvuguvugu, wala hajui kwamba mpaka yafike chuoni yangekuwa yamechacha. Nayala nikilia. Akipiga simu anauliza tu, "Umekula, mwanangu?" na habari za wanafunzi haulizi tena kama zamani, nadhani anasahau.

Wakili wangu anapiga, sipokei. Kuna asubuhi naamka sioni sababu ya kuvaa shati. Nimewaza nimwambie aachane na kesi, nami nihamie Tunduru nisikojulikana, mama abaki akiamini hivyo hivyo. Nishauri, Shangazi, mwenzio nimekwisha.

Mhadhiri asiye na darasa, Same

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kushinda kesi ya miaka minne kisha ukakaa nje ya geti na viatu vipya, hilo lingemvunja moyo yeyote, na sitakucheka. Hayo ya kuamka bila kuona sababu ya kuvaa shati usiyachukulie mzaha. Yakikuzidi nenda hospitali ukaongee na daktari, maana moyo nao huugua.

Sasa nikugombeze. Mimi si wakili, lakini kabla ya kukujibu nilimuuliza mmoja. Hukumu yako haijafutwa. Wewe ni mtu wa ndiva, unajua watu wakigombania maji wazee huziba mlango wa bwawa kwanza, wasikilize, na maji yaliyozibwa hayajamwagika. Ila sitakudanganya: rufaa inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua mitatu, na unaweza kushindwa. Lakini ukijificha Tunduru itasikilizwa vilevile, chuo kitazungumza peke yake, na wewe hutakuwepo kujibu. Pokea simu ya wakili leo hii. Muulize rufaa imefikia wapi, anahitaji nini kutoka kwako, na kama unaweza kuajiriwa shule yoyote kwa sasa bila kuharibu madai yako. Usikisie, muulize.

Kuhusu Anold, kiherehere ulikifanya mwenyewe, na aibu yake itabidi uinywe mwenyewe. Nenda ndivani siku wazee wanayogawa maji, useme kazi haijapatikana, naomba hata nusu zamu. Watacheka siku mbili. Siku ya tatu watakuwa wanazungumza habari za bei ya tangawizi.

Nimebakiza mama yako, na hapa, mwalimu wa kemia, umenishangaza. Mwanamke aliyepika makande maisha yake yote hajui yanachacha baada ya saa ngapi? Mtu aliye mbali hutumiwa maharage makavu, kama alivyofanya mwanzoni. Chakula kilichoiva hutumiwa mtu aliye karibu, atakayekila kingali na moto. Mama yako anajua uko Same. Kurwa amemwambia, au Muhidin, au ameona kwa macho yake, mimi sijui. Na hajasahau habari za wanafunzi. Ameacha kuuliza ili usilazimike kumdanganya tena.

Miezi yote hiyo amekuwa akikuficha na wewe unamficha, na mzigo wa kupika na kufunga ukabebwa na ubavu wa mzee. Alhamisi panda gari la mchana, kaa kiti cha mbele watu wakuone, na hotipoti lake ulibebe. Usilirudishe tupu, tia hata sukari. Ukifika usianze na habari za mahakama. Mwamkie, umwambie umerudi, na Ijumaa asubuhi Kurwa ashuke mlima mikono mitupu.