Dizeli ya Akina Haugen

Jumanne, 3 Juni

Wewe uliyelifungua daftari hili — tafadhali, lifunge. Kama umeshasoma, usimwambie mtu hata neno moja, hasa Dale. Dale ndiye muuzaji wetu mkuu wa magari. Mimi ni karani tu, tena mgeni kazini.

Leo wamekuja Verlin Haugen na mkewe, LaVonne. Wamestaafu, wameuza nyumba, sasa watahamia kwenye trela yao, ile nyumba ya magurudumu, na kuzunguka nchi. Wanataka pikapu ya kuivuta. LaVonne anataka ya petroli: nafuu, fundi yeyote anaijua. Verlin haambiliki. Petroli ni ya kwenda kununulia maziwa, anasema!

Dale akamchochea: "Mzee, mwanamume wa Montana avute trela kwa petroli? Majirani watakuletea maua kama bibi harusi!"

LaVonne akajibu kwamba yeye maua aliletewa mara ya mwisho kabla Verlin hajaota kitambi. Tulicheka wote. Wamechagua dizeli.

Alhamisi, 5 Juni

Nina wasiwasi. Nimesoma tena kibandiko cha mlangoni mwa ile pikapu, kinachoonyesha uzito inaoruhusiwa kubeba. Injini ya dizeli ni nzito mno, imekula nafasi ya mzigo. Ya petroli, iliyoegeshwa pembeni yake, inabeba zaidi! Dizeli inavuta, sawa. Lakini trela hukandamiza nyuma ya gari, na huo nao ni mzigo. Na akina Haugen wamehesabu kama wanavyohesabu wote hapa: uzito wa trela kama ilivyotoka kiwandani. Tupu! Bila maji, mitungi ya gesi, masufuria ya chuma ya LaVonne, wala mbwa wao Otis, mkubwa kama ndama.

Nimemwambia Dale. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Akanishika bega, akasema: Kila mtu anavuta hivyo, mdogo wangu, na wanafika. Macho yake yamechoka. Mkewe amelazwa tena.

Ijumaa, 6 Juni

Wamechukua gari. Verlin alipapasa boneti kama shingo ya farasi. LaVonne ameniletea mkate wa ndizi, bado wa moto. Akanivuta kando: "Mwanangu, hili litatufikisha?"

Dale alikuwa anatutazama. Nikasema ndiyo.

Ndiyo!

Jumamosi, 7 Juni

LaVonne amepiga simu ofisini, nikapokea mimi. Wamefunga trela, wameondoka. Pua ya gari imeinuka, anasema, na usukani umekuwa mwepesi kama kijiko kwenye uji — ni kawaida? Nyuma yake Verlin anapaza sauti: dizeli ndivyo ilivyo, mama! Sivyo: trela imelemea nyuma, magurudumu ya mbele hayashiki barabara. Wanakwenda Idaho, jimbo jirani. Kupitia mlimani! Simu ikakatika. Dale akauliza ni nani. Nikasema wamekosea namba. Nikachukua funguo zangu.

Sasa niko Darby, mji mdogo kabla ya mlima, kwenye mzani wa malori ulio mbele ya duka la chakula cha mifugo; hapa gari lao linaweza kupimwa. Nimewatangulia, nadhani. LaVonne hapokei simu. Nimemwandikia, na ninanakili hapa nihakikishe sijaacha kitu:

"Mama LaVonne, ni Corey wa kule mliponunua gari. Jana nilikudanganya. Msipande mlima. Mkiingia Darby, mwambie mzee apunguze mwendo. Kulia kuna duka la chakula cha mifugo, nimesimama mbele yake, koti jekundu. Mkinipita, simameni Sula, kabla barabara haijaanza kupanda, kuna uwanja mpana wa kugeuzia trela, mnipigie kwa namba hii, nitakuja. Namba hii, mama, si ya ofisini. Ofisini atapokea Dale."